Niliwaachia njiwa, kisha nikamjibu mtoto: ndiyo, kulikuwa shwari

BARUA

Assalaam aleikum mama mshauri, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi wa friji hapa Malindi. Nafuga njiwa manga tangu nilipokuwa darasa la tatu. Miaka mitatu iliyopita tulianzisha kikundi cha kushindanisha njiwa, na sasa tuko wanachama 14. Hatujasajiliwa popote. Tuna kikundi cha WhatsApp, daftari moja na katiba ya ukurasa mmoja. Mwenyekiti ni ami yangu, mdogo wa marehemu baba. Banda lake liko Mambrui, na karibu sote ni yeye aliyetufunza kufuga.

Nieleze kwanza mambo yanavyokwenda. Usiku wa kuamkia mashindano kila mtu huleta njiwa wake. Kila njiwa huvishwa mpira mguuni, na chini ya mpira huwekwa stika yenye nambari iliyofichwa. Hakuna anayeijua nambari hiyo mpaka njiwa arudi bandani kwake, mwenyewe amshike, autoe mpira, aikwangue stika na kuituma nambari kikundini. Nambari inayoingia mwanzo ndiyo ya mshindi. Kiingilio ni shilingi 300 kwa njiwa mmoja. Mtu mmoja huwapeleka njiwa wote kwa pikapu ya kukodi na kuwaachia asubuhi. Tunamwita mwachiaji, na mwachiaji ni mimi.

Tulianzia Gongoni, tukasogea Marereni, na mwaka huu ami akasema wakati wa Garsen umefika. Garsen iko kaskazini moja kwa moja ya Malindi, kama kilomita 105 kwa njia ya njiwa. Kwenda Mambrui ni kama 94.

Jumamosi ya pili ya Agosti nilikuwa Garsen na njiwa 38 ndani ya matenga. Watano kati yao walikuwa wa mtoto mmoja wa gredi ya nane anayeishi na bibi yake mtaa wa Muyeye. Ndiye mdogo wetu kuliko wote. Kiingilio chake, shilingi 1,500, alikipata kwa kuuza mabuyu na achari shuleni muhula mzima.

Asubuhi ile juu yangu kulikuwa kweupe. Lakini kusini, huko huko walikokuwa waende njiwa, kulikuwa na wingu jeusi kama masizi ya chungu, limeshuka mpaka chini. Kusi lilikuwa likinipiga usoni. Nikampigia simu rafiki yangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni. Akaniambia mvua ni kubwa na upepo umewang'olea turubai. Nikampigia ami. Nikamwambia, "Ami, kuna kawingu upande wa kusini, sijui kama tungoje kidogo." Akanijibu, "Waachie. Mvua ya Agosti ni ya kupita. Watu wako juu ya mapaa tangu alfajiri, na hiyo pikapu mwenyewe anaitaka kabla ya adhuhuri." Nikafungua matenga saa 2:20.

Wakapaa, wakazunguka mara mbili tatu, wakashika njia ya kusini. Niliwatazama mpaka wakawa vitone.

Wa kwanza kufika alikuwa njiwa wa ami, Mambrui, saa 4:40. Wa pili aliingia Maweni, hapa mjini, saa 4:50. Siku ile walirudi 17 tu. Kufikia Jumanne wakawa 22, na wa mwisho wao alikuwa jike wa yule mtoto, bawa limechanika. Wengine 16, wanne wao wa mtoto, hawajaonekana, na hii ni wiki ya tatu.

Jioni ile ami aliandika kikundini: "Mwachiaji alikagua hali ya hewa akaona shwari. Yaliyotokea ni kudra." Watu wakanishukuru kwa kazi nzuri. Sikuandika neno. Ami akapokea zawadi ya 4,000.

Kesho yake mtoto akaja karakanani kwangu. Hakulia. Aliniuliza, "Kaka, kulikuwa shwari ulipowaachia?" Nikamjibu, "Ndiyo." Akasema, "Basi watarudi," akaenda zake. Tangu siku ile kila jioni hupanda juu ya paa na kopo la mtama, akilitikisa. Bibi yake ameniambia hali chakula mpaka giza liingie.

Mama, ami ndiye aliyenilea. Baba alifariki nikiwa na miaka 11. Alinilipia karo, akanipeleka chuo cha ufundi, na nyumba tunayokaa mimi na mama yangu ni ya mirathi ambayo bado haijagawanywa. Nikisema kweli nitamvunjia heshima mbele ya watu aliowafunza mwenyewe. Nikinyamaza, kila Magharibi nasikia lile kopo hata kama niko mbali nalo. Wenzangu nao wamegawanyika. Yule wa Maweni analalamika kwamba njiwa wake aliruka masafa marefu zaidi, na hesabu inamuunga mkono. Wengine wanataka matokeo yafutwe. Ustadhi mmoja ametuambia hiyo 300 ni kamari. Nimefikiria kujiuzulu. Nimefikiria pia kumnunulia mtoto makinda watano kimyakimya, mambo yaishe.

Ami alinilazimisha, na mimi nimewaua njiwa 16. Je, mimi ni mwoga, au ni mtu mwenye adabu? Nishauri.

Mwachiaji, Malindi


JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na penseli mkononi. Nimekulia nyumba yenye njiwa. Marehemu kaka yangu alikuwa na banda juu ya jiko, na mpaka leo nikisikia mbawa zikipiga kwa pamoja hugeuka kutazama juu. Kwa hiyo sitakwambia kwamba hawa ni ndege tu, au kwamba shilingi 1,500 si pesa. Mtoto aliyeuza mabuyu muhula mzima ametia humo zaidi ya pesa.

Niseme nilivyokuelewa, na kama nimekosea unisahihishe. Ulipewa kazi ya kuwaachia njiwa wa watu. Uliona hatari, ukauliza, ukaambiwa endelea, ukaendelea. Njiwa wengi hawakurudi. Mwenye amri akasema mbele ya watu kwamba uamuzi ulikuwa wako, nawe ukanyamaza. Kisha mtoto akakuuliza swali moja nawe ukamjibu kwa neno moja. Mengine yote uliyoandika ni mazito, lakini nadhani lililokufanya ushike kalamu ni hilo neno moja.

Sasa nionyeshe nilipopiga mstari kwa penseli. Uliponisimulia mimi, lile wingu lilikuwa "jeusi kama masizi ya chungu, limeshuka mpaka chini". Ulipomwambia ami lilikuwa "kawingu". Na yule rafiki wa Gongoni aliyesema upepo umeng'oa turubai, katika maneno uliyomwambia ami simwoni kabisa. Labda ulimtaja ukasahau kuniandikia. Lakini ikiwa hukumtaja, basi ami yako akiwa Mambrui aliamua juu ya kawingu, na wewe ukiwa Garsen ulikuwa unatazama kitu kingine. Hapo neno lako la kwamba alikulazimisha nalishika kwa uangalifu. Huenda alikulazimisha kweli. Huenda pia, kwa ile heshima uliyonayo kwake, ulilipunguza wingu mpaka likawa jambo ambalo mtu mzima angeweza kulipuuza bila kukosea.

Sikulaumu. Watu wa pwani tumelelewa hivyo. Kwa mkubwa, habari mbaya hupelekwa ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa, na mara nyingine kitambaa huwa kingi hata habari yenyewe haionekani. Lakini nakuomba ujiulize peke yako, kabla hujaongea na mtu yeyote: nilimwambia nini hasa, na nilinyamazia nini? Jibu la swali hilo litabadilisha namna utakavyomkabili ami. Mtu anayekwenda kusema "ulinilazimisha" na mtu anayekwenda kusema "ami, siku ile sikukwambia yote" huingia kwa mlango mmoja, lakini hawapokelewi sawa.

Kuna kisa cha njiwa ambacho wanafunzi wa elimu ya hadithi hukisoma, na huenda ustadhi wenu anakijua. Khalifa al-Mahdi wa Bani Abbas, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 775 hadi 785, alipenda sana njiwa. Siku moja aliingia kwake mtu aitwaye Ghiyath bin Ibrahim, akamkuta na njiwa wake. Kuna hadithi ya Mtume inayosema hapana zawadi ya mashindano ila katika mshale, ngamia au farasi. Ghiyath akaisoma, na mwishoni akaongeza neno lake: "au ubawa". Aliliongeza ili khalifa afurahi. Al-Mahdi akampa dirhamu 10,000, kisha mtu alipotoka akasema wazi kwamba yule ni mwongo, na kwamba yeye mwenyewe, khalifa, ndiye aliyemsukuma kusema uongo. Akaamuru njiwa wake wachinjwe.

Nimekuwa nikikifikiria kisa hiki tangu barua yako ifike. Ghiyath aliongeza neno ili mkubwa apendezwe, wewe ulipunguza neno ili mkubwa asiudhike. Hamko sawa, maana yeye alimzulia Mtume na alilipwa, na wewe hukupata hata senti. Lakini katika visa vyote viwili gharama ilikwenda kwa njiwa. Na kinachonigusa zaidi ni khalifa. Mtu mwenye nguvu zote zile aliona kwamba kule kupenda kwake kulikuwa na uzito uliomkunja mtu mwingine. Je, umewahi kufikiri kwamba ami yako anaweza kuliona hilo, akipewa nafasi ya kuliona bila kuwa mbele ya watu? Simjui. Wewe unamjua tangu ukiwa na miaka 11.

Tuje kwenye neno "nimewaua". Hapa nataka kukuzuia kidogo. Wewe ndiye uliyefungua matenga, hilo ni lako na halifutiki. Lakini tazama yote yaliyokuwako asubuhi ile. Kusi lilikuwa likivuma dhidi yao tangu Garsen mpaka nyumbani. Njiwa wa ami alitumia dakika 140 kwa kilomita 94, nawe unajua kuwa siku tulivu njiwa hodari angeikata njia hiyo kwa muda unaokaribia nusu yake. Mlitoka Marereni mkarukia Garsen, masafa ambayo ni zaidi ya maradufu, bila kituo cha katikati. Je, njiwa wa mtoto walikuwa wameruka kutoka Marereni mara ngapi? Nani alimuuliza? Katiba yenu ya ukurasa mmoja ina mstari kuhusu umri wa njiwa au mazoezi yake? Nadhani haina, na kama haina, basi hilo ni kosa la watu 14.

Na hata wenye uzoefu wa karne nzima hupoteza. Mwaka 1997 chama cha kifalme cha mashindano ya njiwa cha Uingereza kilikuwa kinaadhimisha miaka 100. Njiwa zaidi ya 60,000 waliachiwa Nantes, Ufaransa, wavuke bahari warudi kwao. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena, na mpaka leo watu wanabishana kwa nini. Sisemi haya ili ujifiche nyuma ya 60,000 wa watu wengine. Nasema ili ujue kwamba mambo mawili ni tofauti: kuwapoteza njiwa, ambalo linaweza kumpata mtu aliyefanya kila kitu sawasawa, na kulijua wingu ukasema halikuwako. La kwanza hulijui kwa hakika. La pili unalijua.

Malalamiko ya jamaa wa Maweni yana msingi. Wanaoshindanisha njiwa kwa miaka mingi huko Ulaya hawatazami nani kafika mwanzo, kwa sababu mabanda hayako mahali pamoja. Hupima masafa ya kila banda, wakayagawanya kwa dakika. Kwa hesabu hiyo njiwa wa ami aliruka mita 671 kwa dakika, na wa Maweni mita 700. Wa Maweni ndiye aliyekuwa na mbio zaidi. Lakini kanuni yenu ilisema wa kwanza kutuma nambari, na nyote mliikubali kabla ya kulipa, yeye pamoja nanyi. Kuibadilisha leo kwa mashindano ya jana kutazaa lalamiko jingine. Kuibadilisha kwa kesho ni kazi ya kikao kimoja, simu yenye ramani na kikokotoo. Ninachokuomba tu, usiuache ugomvi huu wa mita uwe pazia. Ni rahisi kikundi kuzozana wiki nne juu ya mita 29 na lile wingu likasahaulika.

Kuhusu kamari, ustadhi asikilizwe. Hilo wapelekeeni masheikh mnaowaamini, nyote kwa pamoja, kabla hamjakusanya kiingilio kingine. Mimi si wa kulitolea fatwa.

Nirudi kwenye kanuni, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Katika kikundi chenu, uamuzi wa kuachia au kutoachia uko kwa mtu ambaye hasimami pale njiwa walipo, ambaye naye ana njiwa ndani ya matenga yale yale, na ambaye ndiye anayehesabu gharama ya pikapu. Hata angekuwa walii, mtu huyo amewekwa mahali pagumu. Wazee wetu wa baharini waliliona hili mapema. Tajiri wa chombo alikuwa mwenye mali, lakini chombo kikishang'oa nanga, wa kusema tutweke au tushushe tanga alikuwa nahodha, kwa kuwa upepo ulikuwa unampiga nahodha. Wewe ulikuwa na upepo usoni na huna mamlaka. Ami alikuwa na mamlaka na hana upepo. Je, mngeandika kwamba mwachiaji ndiye mwenye neno la mwisho, kwamba lazima apige simu kwa watu wawili njiani na aandike walichosema, kwamba kukiwa na shaka njiwa hulala na maji na chakula mpaka kesho yake, na kwamba siku ya pili ya pikapu imo ndani ya kiingilio tangu mwanzo? Huenda kiingilio kikapanda, wengine wakanung'unika. Lakini siku ile usingekuwa kijana anayemwomba ami yake ruhusa. Ungekuwa mwachiaji anayetoa taarifa.

Sasa njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia, kwa sababu mimi silali katika nyumba ile ya mirathi.

Unaweza kuanza na ami, nyumbani kwake, pasiwe na mtu, au awepo mama yako ikiwa ami humsikiliza. Faida ni kwamba hasikii mambo haya kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu. Hatari nayo ipo, na nisikudanganye: anaweza kukasirika, anaweza kukukumbusha karo, anaweza kukuomba unyamaze kwa ajili ya jina lake. Akikuomba hivyo, utakuwa na mzigo mzito kuliko ulionao sasa, kwa kuwa sasa utakuwa umekatazwa. Ingia ukiwa umeshajua utajibu nini. Na lile jambo la nyumba, naona umelitaja kwa haraka kana kwamba halihusiki. Linahusika sana. Mirathi ambayo haijagawanywa tangu ukiwa na miaka 11 inaweza kumfanya mtu apime kila sentensi yake. Hilo lina watu wake wa kulishughulikia, kama kadhi na wazee wa ukoo, na ningependa ulifuate siku nyingine kwa utulivu, lisichanganywe na njiwa.

Unaweza kuanza na mtoto. Kwake huna haja ya kumtaja ami hata kidogo. Swali lake lilikuwa juu ya hali ya hewa, na jibu ni la hali ya hewa: "Nilikwambia kulikuwa shwari, na hakukuwa shwari." Hatari ni kwamba atamwambia bibi yake, bibi atasema kisimani, na kabla ya Isha limefika Mambrui likiwa limeota pembe. Ami atahisi umempiga mgongoni. Kuna watu ambao wangekwenda kwa wote wawili siku moja, asubuhi Mambrui na jioni Muyeye, ili lisipate muda wa kusafiri. Hilo nalo linataka kifua.

Kujiuzulu nakuelewa. Lakini pikapu itakodiwa tena, na kijana mwingine atasimama Garsen na simu mkononi. Ukiondoka bila kusema kwa nini, umemwachia yeye wingu lako. Ukiondoka baada ya kusema, ni jambo jingine.

Na makinda watano. Moyo uliokuambia ununue ni moyo mwema, usiuaibishe. Tatizo naliona kwenye neno "kimyakimya". Mtoto atakushukuru. Atakuita kaka mwema mbele ya watu, na kila atakapokushukuru utakumbuka lile "ndiyo". Makinda yaleyale, yakija baada ya maneno, yangekuwa kitu kingine kabisa. Tena sijui kama anataka wapya. Anayetikisa kopo bado anawaita wale.

Umeuliza kama wewe ni mwoga au mtu mwenye adabu. Nimekaa na swali hilo siku nzima na sikupenda namna lilivyokufunga, kana kwamba lazima uwe kimoja. Uliyempigia rafiki simu Gongoni bila kuamrishwa hakuwa mwoga. Aliyesema "kawingu" alikuwa na adabu, na alikuwa na hofu pia, vyote viwili mdomoni mwa mtu mmoja ndani ya dakika moja. Umeishi hivyo na ami yako miaka 16. Huwezi kuvitenganisha kwa barua moja kwa mama usiyemjua, na sidhani kuna anayekutaka uvitenganishe kabla ya kumwendea mtoto au kumwendea ami.

Jambo moja la mwisho, na hili ni la mfugaji kwa mfugaji kuliko la mshauri. Mtoto alisema "basi watarudi" kwa kuwa ulimwambia kulikuwa shwari. Njiwa aliyechelewa siku ya shwari hungojewa juu ya paa. Aliyepigwa na dhoruba hutafutwa. Ikiwa mvua ile ilikuwa Gongoni na kusi lilikuwa nyuma yake, njiwa waliogeuka walisukumwa kaskazini au bara, wala hawakupita baharini mbele ya Muyeye. Wengine huingia mabanda ya watu, wakala na kuku, wakakaa miezi. Rafiki yako wa mashamba ya chumvi anaweza kuuliza huko. Kuna Marereni, kuna Ngomeni, kuna vijiji vya kuelekea Marafa. Miguu ya wale wanne bado ina mpira na stika. Mtoto hajui haya yote, kwa sababu hajui wingu lilikuwa wapi, na anayejua ni wewe. Na yule jike mwenye bawa lililochanika, aliyeingia Jumanne, alitokea upande gani? Mtoto alikuwa juu ya paa. Atakuwa alimwona.